Jina Graham: "Grei-am", "Gram" au "Gra-ham"? Ile h inatamkwa lini?

Skripti_na_Sauti:

Wakuu, habari za kazi.

Tunaandaa makala ya sauti kwa Kiswahili kuhusu historia ya simu, na jina la Alexander Graham Bell limo karibu kila ukurasa. Wasomaji ni wawili. Mmoja anasema "Gra-ham", h inasikika wazi kabisa. Wa pili anasema "Gram", silabi moja, na anasisitiza kwamba Wamarekani ndivyo wanavyolitamka. Kwenye rekodi za watangazaji wa Uingereza nasikia kitu kama "Grei-am". Kipindi hakiwezi kutoka na Bell wa aina tatu.

Naomba mnisaidie: lipi tulishike, na ile h imekwenda wapi? Pia kuna majina mengine kwenye skripti hiyohiyo: Birmingham, Nottingham, Anthony, Thomas, Thompson, Stephen, Ralph. Kama kuna kanuni ya jumla itanisaidia sana, lakini hasa nataka kujua nimwandikie nini msomaji pale pembeni ya mstari.

---

Irabu_Tano:

Mkuu, kwa Bell shika "Grei-am". Nitaeleza kwa nini, maana sababu ndiyo itakayokusaidia na majina mengine.

Graham ni jina la ukoo la Uskoti, lakini asili yake ni jina la mji wa Grantham, Lincolnshire, huko Uingereza. Katika daftari la ardhi la mwaka 1086 mji huo umeandikwa kwa tahajia zaidi ya moja, na mojawapo ni Graham. Familia iliyobeba jina hilo ilihamia Uskoti karne ya 12, na huko ndiko jina la mji likageuka jina la ukoo, kisha baadaye sana likawa jina la kupewa mtoto.

Sehemu ya mwisho, -ham, ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya makazi. Likisimama peke yake lilitamkwa kwa nguvu, h na irabu yake kamili. Likiwa mkiani mwa jina lilipoteza mkazo, kwa sababu mkazo ulikaa silabi ya kwanza. Silabi ya Kiingereza isiyo na mkazo hunyauka: irabu yake inakuwa fupi na hafifu, isiyo a wala e. Na h, ambayo ni pumzi tu, haina cha kuishikilia katikati ya irabu mbili ikiwa ya pili ni hafifu. Ikatoweka. Kilichobaki ni "grei" na "am" fupi: GREI-am. Kwa alama za kifonetiki za kimataifa huandikwa ˈɡreɪəm.

Marekani matamshi hayo yapo pia, ila wengi waliendelea hatua moja zaidi. Irabu mbili zikikaa jirani bila konsonanti kati yake huwa zinavutana, na hizi zikaungana kuwa moja: ɡræm. Msomaji wako wa pili hakubuni kitu. Kwa Mmarekani wa namna hiyo jina Graham na kipimo cha uzito cha gramu ni sauti ileile moja.

Msomaji wa kwanza ndiye mwenye shida. "Gra-ham" yenye h wazi haisikiki kama matamshi ya kawaida Uingereza wala Marekani. Ni usomaji wa herufi.

Sasa kwa nini Bell awe "Grei-am"? Alizaliwa Edinburgh mwaka 1847, na alipozaliwa hakuwa na jina la kati. Graham aliongezewa alipofika miaka 11, akiwa bado Edinburgh. Jina limetolewa Uskoti ndani ya familia ya Kiskoti, kwa hiyo matamshi ya Uskoti yana haki ya kwanza, ingawa baadaye alihamia Kanada na Marekani na hataza ya simu ikatolewa huko mwaka 1876. Mkimsikia Mmarekani akisema "Alexander Gram Bell" hajakosea kwa lahaja yake. Ninyi mnachagua mojawapo na kuishika mwanzo hadi mwisho.

Na kwa kuwa makala yenu ni ya historia: baba yake, Alexander Melville Bell, ndiye aliyebuni mfumo wa alama za kuandika matamshi kwa kuonyesha ulimi, midomo na koo vinakaa wapi. Aliutoa mwaka 1867. Familia hiyo iliishi kwa kazi ya kutamka sawasawa, kwa hiyo inafaa jina la mwana wao lisomwe vizuri.

---

Mkazo_Sahihi:

Nakubaliana na Irabu_Tano. Naongeza upande wa mdomo, kwa sababu msomaji anaweza kuambiwa "sema Grei-am" na bado akatoa kitu kingine.

Kosa la kwanza linatoka kwenye kanuni yetu ya mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila irabu kwetu ni silabi. Ukimwandikia "Greiam" atasoma gre-I-am, silabi tatu, nguvu kwenye i. Ndiyo maana usiandike neno moja. Andika GREI-am, herufi kubwa kwa mkazo, na mweleze kwamba "ei" ni mteremko mmoja: anaanzia e, ulimi unapanda kuelekea i, bila kuhesabu pigo jipya. Mwambie aseme "Mei", ule mwezi, kwa haraka, kisha abadilishe m ya mwanzo kuwa gr.

La pili ni m ya mwisho. Wengi wetu tunaiongezea u bila kujijua, "Grei-a-mu", na hapo mkazo unahamia kwenye a na jina linaharibika lote. Dawa ni kumkumbusha kwamba m inayofunga silabi anayo tayari kwenye "hamsini". Asome "ham-" ya hamsini, afunge midomo, asiifungue mpaka jina linalofuata lianze. Kwenye Graham Bell ni rahisi, kwa sababu b nayo inataka midomo iliyofungwa. Midomo inafunga kwa m na inafunguka moja kwa moja kwa b. Akiweza hilo hana nafasi ya kuingiza u.

La tatu ni irabu hafifu. Kiswahili hakina. Midomo imelegea, ulimi uko katikati ya kinywa, sauti ni fupi mno. Kwa kipindi cha Kiswahili si lazima msomaji aitoe kama Mwingereza. A fupi isiyo na nguvu inatosha. Kinachoharibu ni a ndefu, "Grei-aam".

Kuhusu ile "Gram" ya Marekani, kuna mtego unaowanasa hata wasikilizaji wazuri. Irabu yake si a yetu. Kinywa kinafunguka kama cha a lakini ulimi unasogea mbele kama wa e, na Wamarekani wengi wakiitoa mbele ya m au n huipandisha zaidi na kuivuta kidogo. Sikio la Kiswahili linasikia "Gre-am" na kudhani ni silabi mbili za Uingereza. Ukitaka kutofautisha kwenye rekodi, sikiliza kama kuna i katikati. Ya Uingereza ina y ndogo kabla ya am, kama "grei-yam". Ya Marekani haina, inateleza kutoka e kwenda a na kufunga. Punguza kasi ya rekodi hadi nusu, utaisikia.

---

Kama_Ilivyoandikwa:

Samahani wakuu, mimi naona tunajisumbua. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na wasikilizaji ni Waswahili. Wakisoma Gra-ham kila mtu ataelewa. Kwa nini tufuate kunyauka kwa silabi za watu wengine?

---

Mkazo_Sahihi:

Kanuni hiyo ni ya maneno yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kiswahili. Jina Graham tumeliacha kwenye tahajia yake ya Kiingereza, na tahajia hiyo haikutengenezwa kwa kanuni yetu. Majina ya namna hii hata hapa hatuyasomi herufi kwa herufi. Shakespeare hakuna anayemsoma "Sha-ke-spe-a-re". David Beckham kila mtu anamwita "Bekam", h haipo, na hakuna aliyehitaji darasa. Beckham na Graham zina mkia uleule, -ham bila mkazo. Ukishasema "Bekam" umeshaikubali kanuni nzima.

Ninachokubaliana nawe ni kwamba sauti ziwe za Kiswahili. Msomaji asigeuze r, asijaribu lafudhi ya Edinburgh katikati ya sentensi ya Kiswahili, maana hiyo inachosha kusikiliza na inalivuta sikio kwenye jina badala ya habari. Achukue matamshi sahihi na ayatoe kwa sauti zake mwenyewe.

---

Kama_Ilivyoandikwa:

Hoja ya Beckham imenigusa. Nimeelewa.

---

Ramani_na_Majina:

Mada hii naipenda sana. Niingie kwenye Birmingham na Nottingham, maana -ham ni familia kubwa na ina watoto wakaidi.

Kanuni ya msingi kwa majina ya Uingereza: -ham ikiwa mkiani na haina mkazo, h haitamkwi. Birmingham ni BER-ming-am, Nottingham NOT-ing-am, Buckingham BAK-ing-am, Durham DA-ram, Fulham FUL-am. Tottenham ni TOT-nam au TOT-n-am. Cheltenham ni CHELT-nam, yaani pamoja na h inaanguka na e ya katikati. Anayefuata kandanda tayari anayo masikioni.

West Ham ni tofauti. Pale Ham ni neno linalojitegemea, limeachwa nafasi na lina mkazo wake, kwa hiyo h inatamkwa. Linganisha Tottenham na West Ham na utaona kwamba herufi ni zilezile na kinachoamua ni mkazo. (Kuna hata maneno mawili ya kale nyuma ya -ham, moja la makazi na jingine la ardhi iliyozungukwa na maji ya mto. Kwa matamshi ya leo hayatofautiani, kwa hiyo usihangaike nayo.)

Ukivuka bahari, angalia. Birmingham ya Alabama, Marekani, inatamkwa -HAM kamili, h na irabu yake zote zipo: BER-ming-ham. Sababu ni kwamba jina lilisafiri likiwa limeandikwa, na watu wapya wakalisoma walivyoliona. Lakini usigeuze hilo kuwa kanuni ya Marekani yote, kwa sababu Durham ya North Carolina inabaki DA-ram bila h. Kila mji una mazoea yake na inabidi uuangalie mmojammoja. Kama makala yenu inataja harakati za haki za raia za mwaka 1963, hiyo ni Birmingham ya Alabama, msomaji atamke h. Kama inataja viwanda vya England, asitamke.

Sasa watoto wakaidi. Pale ambapo herufi ya mwisho ya sehemu ya kwanza ni t au s, h ya -ham inaigusa na macho yanaona th au sh. Kihistoria hazikuwa sauti moja. Ni t kisha ham, s kisha ham. Watu walipoanza kujifunza majina kutoka kwenye maandishi badala ya midomo ya wenyeji, baadhi ya majina yakapindwa na mengine yakabaki:

Chatham, Streatham na Eltham yamebaki na t: CHAT-am, STRET-am, ELT-am. Hapa h ni bubu kabisa.

Waltham imekwenda kwenye th ya "thamani", WOL-tham. Horsham na Lewisham zimekwenda kwenye sh ingawa sehemu za kwanza ziliishia na s.

Na Grantham, mji uleule uliozaa jina Graham, nao umepindwa: leo ni GRAN-tham, th ya "thamani". Jina moja limetoka likiwa na njia mbili: kwenye jina la ukoo n, t na h zote zimekufa, kwenye jina la mji t na h zimeungana kuwa sauti ambayo haikuwepo mwanzoni.

Kwa hiyo ukiona -tham au -sham kwenye skripti, usikisie. Hayo ndiyo yanayohitaji kutafutiwa rekodi kabla ya siku ya studio.

---

Skripti_na_Sauti:

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Kwenye skripti Grahame na Graeme zimo pia, watu tofauti. Zinatamkwa hivyohivyo? Na Anthony je? Nasikia "Antoni" na "Anthoni", na wote wanaonekana kuwa na uhakika.

---

Irabu_Tano:

Graham, Grahame na Graeme kwa Uingereza ni sauti moja, GREI-am. E ya mwisho haitamkwi, na ae ya Graeme isisomwe "a-e". Graeme inapendwa zaidi Uskoti. Maandishi yabaki kama mwenyewe anavyojiandika, kwa sababu kwa watu hawa tahajia ndiyo inayowatofautisha; sauti haiwezi. Kama Graham na Graeme wawili wamo kwenye kipindi kimoja, msomaji awataje kwa jina na la ukoo kila mara, la sivyo msikilizaji atadhani ni mtu mmoja.

Anthony namwachia anayejua vizuri zaidi.

---

Theta:

Hapa nina la kusema, maana h ya Anthony na h ya Thomas zinaonekana ndugu na si ndugu.

Thomas lilipitia kwenye Kigiriki, ambako liliandikwa kwa herufi theta. Zamani theta ilikuwa t yenye pumzi. Warumi waliinakili kwa herufi mbili, t na h, ili kuonyesha pumzi ile, kisha watu waliosema Kilatini mitaani wakatamka t tu. Kiingereza kilipokea jina kupitia njia hiyo: tahajia ya th, sauti ya t. H ya Thomas ipo kihalali kwenye maandishi, lakini kwenye Kiingereza haijawahi kuwa hai. TOM-as, nchi zote. Theresa vilevile, t.

Anthony asili yake ni Antonius, jina la ukoo wa Kirumi, na halikuwa na h hata moja. Ndiyo maana Mark Antony anaandikwa bila h mpaka leo. H iliingizwa wakati wa Mwamko wa Ulaya, wasomi walipolihusisha jina hilo na neno la Kigiriki la ua, anthos. Uhusiano huo haupo. Walipachika h kwa heshima ya asili ya kubuni, na matamshi yakaendelea kuwa "Antoni" kama zamani. Baadaye watu wakaiona th na kuisoma. Marekani usomaji huo umeshinda, AN-tho-ni yenye th ya "thamani" ndiyo ya kawaida. Uingereza AN-to-ni ya asili bado ina nguvu, na yenye th nayo inasikika. Wote mnaowasikia wana uhakika kwa sababu wote wako sawa, kila mmoja kwa mwenye jina lake.

Jina la kifupi limehifadhi ushahidi. Anthony anaitwa Tony, t safi, kwa sababu kifupi kilizaliwa h ikiwa haijaamka. Waziri mkuu wa zamani Tony Blair jina lake kamili ni Anthony. Angalia na mengine: Elizabeth ana Betty, Katherine ana Kate, Arthur ana Art, Dorothy ana Dot, Nathaniel ana Nat, Bartholomew ana Bart. Yote yana th kwenye jina refu na t kwenye fupi.

Mto Thames ni mfano mwingine wa h iliyopachikwa. Kilatini ni Tamesis, Kiingereza cha kale hakikuwa na h, ikaingizwa baadaye ili jina lionekane la Kigiriki. London unaitwa "Temz". Lakini kuna Thames nyingine huko Connecticut, Marekani, na wenyeji wanaitamka "Theimz", th kamili na irabu ya James. Skripti ikiutaja mto, hakikisha kwanza ni upi.

---

Mkazo_Sahihi:

Theta, maelezo mazuri, ila naomba tuweke uzio kwenye hilo la majina ya kifupi. Linathibitisha matamshi ya zamani tu. Msomaji akiona Kate asidhani Katherine leo inatamkwa "Katerin". Th yake ilishaamka na ni hai kila mahali. Theodore anaitwa Ted na bado ni THI-o-dor. Kifupi kinaeleza kwa nini matamshi mawili yapo, hakiamui lipi litumike leo.

---

Theta:

Kweli kabisa. Kwa kuamua, nchi ya mwenye jina kwanza, kisha sauti ya mwenyewe kama imerekodiwa.

---

Ramani_na_Majina:

Nimalizie yaliyobaki kwenye orodha yako, haraka.

Thompson: h bubu kama ya Thomas. P inahitaji maelezo. Sema "Tomson" polepole ukiangalia mdomo. Kwa m midomo imefungwa na hewa inatoka puani. Kwenda kwenye s lazima pua ijifunge na midomo ifunguke. Pua ikijifunga sehemu ndogo tu ya sekunde kabla ya midomo kufunguka, kinachotoka midomo inapofunguka ni p ndogo. Hiyo ndiyo p ya Thompson: mdomo uliizaa, mwandishi akaiandika. Thomson na Thompson kwa sikio ni kitu kimoja, kwa hiyo msomaji asiipige p kwa makusudi. TOM-san, itajitokeza au haitajitokeza, yote sawa.

Stephen: kwa kawaida ni STI-ven, ph inasomwa v, sawa na Steven. Stephen Hawking ni hivyo. Lakini mchezaji wa mpira wa kikapu Stephen Curry ni STEF-en, kwa f. Hakuna tahajia itakayokuonyesha tofauti hiyo.

Ralph: wengi ni RALF, hasa Marekani, Ralph Bunche, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950, ni hivyo. Uingereza kuna matamshi ya zamani yasiyo na l, REIF, na wanaoyatumia wanayashikilia: mtunzi wa muziki Ralph Vaughan Williams na mwigizaji Ralph Fiennes. Kuwaita RALF ni kosa.

Halafu kama kuna Menzies popote kwenye skripti, simama. Waskoti walikuwa na herufi iliyoitwa yogh, iliyofanana na z yenye mkia, nayo iliwakilisha sauti ya y au g laini. Wachapaji wasiokuwa na herufi hiyo waliweka z. Ndiyo maana Uskoti jina hilo ni MING-is, bila z katikati. Mwanasiasa wa Uingereza Menzies Campbell aliitwa "Ming" kwa sababu hiyo. Robert Menzies, waziri mkuu wa Australia kuanzia 1939 hadi 1941 na tena 1949 hadi 1966, yeye ni MEN-ziz. Na kwenye Campbell p haitamkwi, KAM-bel.

---

Skripti_na_Sauti:

Safi sana. Sasa kwenye skripti yenyewe. Nimejaribu kuweka alama za kifonetiki, wasomaji wakakwama. Na baadhi ya vipande vinasomwa na programu ya kompyuta, hiyo inasema "Gram" kila mara.

---

Irabu_Tano:

Kwa binadamu achana na alama za kifonetiki, isipokuwa wamezisomea. Fanya hivi.

Tengeneza jedwali moja la majina kabla ya kurekodi. Safu ya kwanza jina kwa tahajia yake, ya pili mtu au mahali panapohusika, ya tatu matamshi kwa herufi za Kiswahili, ya nne ulikoyathibitisha. Safu ya pili usiiruke. "Birmingham" peke yake haitoshi. Andika "Birmingham, Alabama". "Stephen" haitoshi, andika ni nani.

Matamshi yaandikwe kwa kistari kati ya silabi na herufi kubwa kwa silabi yenye mkazo. Tumia th kwa ile ya "thamani" na dh kwa ile ya "dhahabu", maana tahajia yetu inazitenganisha na ya Kiingereza haizitenganishi. Herufi isiyotamkwa usiiweke kabisa kwenye matamshi, hata kwenye mabano. Ukiandika "Grei-(h)am" msomaji mwenye haraka ataitamka.

Ndani ya skripti weka matamshi juu ya jina, si mbele yake, na yaweke mara ya kwanza katika kila ukurasa. Yakiwa mbele ya jina ndani ya mstari, siku moja yatasomwa hewani pamoja na jina.

Kuthibitisha: kwa mtu aliye hai, tafuta rekodi anayojitaja mwenyewe. Mahojiano hayafai sana, kwa sababu anayetaja jina ni mwandishi wa habari, naye anaweza kukosea na mgeni akanyamaza kwa adabu. Hotuba, kiapo cha kushika wadhifa, au ujumbe wa simu uliorekodiwa ni bora. Kama mnaweza kumfikia, muulizeni yeye. Kwa aliyefariki kabla ya kurekodiwa, sikiliza taasisi ya nchi yake yenye jina lake inavyojitaja.

Kwa programu ya kompyuta: angalia kama inapokea alama za SSML, yaani lebo zinazoandikwa ndani ya matini kuielekeza namna ya kusoma. Kama inapokea, acha tahajia ya Graham ilivyo na ulizungushie lebo ya phoneme, alfabeti ipa, kisha ˈɡreɪəm. Kialama cha mkazo kile cha mwanzo si koma ya juu ya kawaida, kinakili kama kilivyo. Ukiweka koma ya juu programu nyingine zinaruka lebo nzima bila kukuonya. Kama haipokei SSML, tengeneza nakala ya pili ya matini kwa ajili ya sauti tu na uandike humo "Grayum" ikiwa sauti ni ya Kiingereza, au "Grei am" ikiwa sauti ni ya Kiswahili. Nakala hiyo isichanganyike na ile itakayotumika kwa maandishi ya chini ya video.

Jaribu jina likiwa ndani ya sentensi, usilijaribu peke yake. Sauti ya kompyuta hubadilisha mkazo kulingana na jirani, na "Graham Bell" inaweza kutoka vizuri huku "Graham alisema" ikiharibika.

---

Mkazo_Sahihi:

Nyongeza ndogo. Siku ya kurekodi, kila msomaji asome jedwali lote la majina kwa sauti, mara mbili, kabla ya ukurasa wa kwanza, na urekodi usomaji huo. Ikitokea ameteleza katikati ya saa nzima ya kurekodi utakuwa na jina safi la kupachika, kwa sauti yake na kipaza sauti kilekile. Umbali wa mdomo na kipaza uwe uleule, la sivyo kiraka kitasikika.

---

Skripti_na_Sauti:

Nimeshaanza jedwali. Yamo majina 31, na manne yana -tham au -sham. Hayo nayatafutia rekodi leo. Bell ni GREI-am kwa wasomaji wote wawili.